Kazi Hufunzwa Kazini: Historia ya Jumuiya za Mafundi na Mafunzo Yake kwa Chama Chetu

Kila mwaka kitabu hiki huwaletea wanachama hesabu za fedha, habari za misiba tuliyosaidiana, na idadi ya watoto waliolipiwa karo. Hayo yote yamo katika kurasa zilizotangulia. Mwaka huu tumeona yafaa kuongeza makala ya historia juu ya mali ambayo haionekani katika hesabu, nayo ni ujuzi wa kazi. Chama kikipoteza shilingi, mweka hazina huijua hasara hiyo mara afungapo daftari. Lakini chama kikimpoteza fundi, pamoja na yote aliyoyajua, hakuna safu ya daftari iwezayo kuionyesha hasara hiyo.

Wazee wetu waliomo chamani ni maseremala, waashi, washonaji, madereva, wapishi, wauguzi na makarani. Wengi wamekwisha kustaafu, na wengine wamekaribia. Kwa upande wa pili tunao vijana waliomaliza masomo, wenye vyeti mikononi, ambao mwajiri akiwauliza kama wamewahi kuifanya kazi yenyewe, hukosa la kujibu. Makundi haya mawili hukutana mazishini na katika Mkutano Mkuu, kisha kila mtu hurudi kwake. Wazee huondoka na ujuzi wao, na vijana hubaki na vyeti vyao.

Basi swali letu ni hili: ujuzi wa kazi hupitaje kutoka kwa mtu mmoja hadi mwingine, na chama kama chetu chaweza kufanya nini ili usikatike? Tutaanza na habari za hapa nchini, kisha tutakwenda Liberia, Marekani na Uingereza, maana swali hili limewakabili watu wa nchi nyingi, na majibu yao yanafanana kuliko tulivyodhani.

WACHONGAJI WA WAMUNYU

Katika nchi ya Ukambani, upande wa Machakos, pana mahali paitwapo Wamunyu. Tangu zamani Wakamba walijua kuchonga vitu vya matumizi ya nyumbani, kama vile miiko, na vigoda vya wazee vilivyopambwa kwa nyuzi za madini. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, iliyopiganwa kutoka 1914 hadi 1918, mtu mmoja wa Wamunyu aitwaye Mutisya Munge alikwenda katika nchi iliyokuja kuitwa Tanganyika. Huko alikutana na mafundi waliochonga vinyago vya kuuza. Vita vilipokwisha alirudi kwao na kuanza kuchonga kwa namna hiyo. Kwanza kazi ilikuwa ya nyumba yake mwenyewe. Baadaye ikaenea kwa majirani, na kutoka kwa majirani ikaenea kwa tarafa nzima. Kufika miaka ya 1950 vinyago vya Wakamba vilikuwa vikiuzwa Nairobi, Mombasa na ng'ambo.

Yafaa tujiulize jinsi maelfu ya watu walivyoweza kupata ufundi huo bila ya chuo, bila ya kitabu, na bila ya mwalimu wa kulipwa mshahara. Jibu laonekana kwa yeyote apitaye penye banda la wachongaji. Watu hukaa pamoja chini ya kivuli kimoja, kila mtu na gogo lake. Mmoja huchonga twiga, mwingine kifaru, mwingine bakuli au kijiko cha saladi. Kijana anayeanza hapewi tezo siku ya kwanza. Hupewa msasa akalainishe kile ambacho mkubwa wake amekwisha kukichonga, au hupewa rangi ya viatu na kitambaa akakipige king'are. Kazi hiyo yaonekana duni, lakini mkono wake unapopita juu ya mgongo wa twiga mara mia, wajifunza mahali mgongo unapopinda na mahali shingo inapoanzia. Huku macho yake yakitazama jinsi tezo linavyoshikwa, na masikio yake yakisikia wakubwa wakibishana juu ya mti huu na mti ule. Siku apewapo tezo, nusu ya kazi amekwisha kuijua.

Mnamo mwaka 1963 wachongaji waliokuwa Mombasa waliunda chama chao cha ushirika, na makao yake yako Changamwe. Twapenda wanachama waangalie vizuri kile ambacho ushirika kama huo huleta. Huleta uwanja, mabanda, na duka la kuuzia. Hauchukui mahali pa fundi katika kufundisha. Mafundisho hubaki banda kwa banda, mtu na mwenziwe, kama yalivyokuwa Wamunyu.

Nguvu ya mpango huo ilionekana wakati wa shida. Miti waliyoizoea wachongaji, hasa mpingo na muhugu, ilikatwa kupita kiasi hata ikawa adimu. Katika miaka ya 1990 wahifadhi wa misitu waliwahimiza wachongaji watumie miti inayopandwa na kukua upesi, mmojawapo ukiwa mwarobaini, ambao umejaa pwani. Sasa, mwarobaini hauna tabia ya mpingo. Ukichongwa mbichi na kuachwa bila uangalifu, hupasuka. Rangi yake ni nyingine na uzito wake ni mwingine. Ilibidi watu waliokuwa mabingwa kwa miaka thelathini wajifunze upya pamoja na vijana. Fundi wa peke yake, akiwa na gogo moja lililopasuka, angesema mti huu haufai, akauacha. Lakini mahali penye watu wengi, aliyefaulu kulikausha gogo lake huonekana na wote, na kesho yake jirani hufanya vivyo hivyo.

WASHONAJI WA MONROVIA

Jambo hilo tuliloliona kwa wachongaji lilichunguzwa kwa makini katika nchi nyingine ya Afrika. Mnamo mwaka 1973 mtaalamu wa Kimarekani aitwaye Jean Lave alianza kufanya uchunguzi kati ya washonaji wa Kivai na Kigola huko Liberia, na kazi hiyo aliiendeleza kwa miaka kadhaa. Washonaji hao walikuwa Monrovia, mji mkuu, katika vibanda vilivyojengwa karibu karibu, mafundi na wanagenzi wakifanya kazi pamoja.

Bibi huyo alitaka kujua kama ni kweli, kama walivyosema wasomi wengi, kwamba mwanagenzi huiga tu bila kufikiri, na kwamba elimu ya akili hupatikana shuleni peke yake. Alichokiona kilimbadilisha mawazo. Mafunzo yalikuwa na mpango, ijapokuwa hakuna aliyeuandika. Mwanagenzi alianza na nguo ndogo zisizo na gharama, kama kofia na suruali za ndani, kisha nguo za watoto, kisha nguo za watu wazima, na mwisho kabisa suti ya heshima. Tena, katika kila nguo alianza kwa kinyume cha utaratibu wa kushona. Alianza mwishoni: kutia vifungo, kupiga pindo na pasi. Baadaye alijifunza kuunga vipande kwa cherehani. Kukata kitambaa kulikuja mwisho.

Sababu yake ni ya hekima. Mwenye kukosea kushona hupoteza muda, maana mshono waweza kufumuliwa. Mwenye kukosea kukata hupoteza kitambaa, na kitambaa ni fedha ya mteja. Kwa hiyo kosa la gharama kubwa liliwekwa mahali ambapo mwanagenzi atalifikia akiwa amekwisha kukomaa. Na zaidi ya hayo, aanzaye na vifungo huishika nguo iliyokamilika tangu siku ya kwanza, akaona kwa macho yake jinsi mikono, mabavu na kola zinavyokutana. Huanza na picha ya jambo zima kabla ya kupewa sehemu. Mafunzo hayo yalichukua kama miaka mitano, na wengi walioanza walimaliza wakawa mafundi.

Jean Lave alishirikiana baadaye na mtu wa Uswisi aitwaye Etienne Wenger, na mwaka 1991 walitoa kitabu kilichosomwa katika nchi nyingi. Fikira yao kubwa ni nyepesi kueleza. Mtu hajifunzi kazi kwa kujazwa maneno kichwani. Hujifunza kwa kuruhusiwa kuingia pembeni mwa kundi la wenye kazi, akafanya kazi ndogo iliyo ya kweli, na kwa kadiri anavyoaminiwa akasogezwa kuelekea katikati, hata siku moja akawa yeye ndiye atazamwaye na wengine. Kundi la namna hiyo, yaani watu wenye kazi moja, wanaokutana mara kwa mara na kufunzana katika kuifanya, sisi tutaliita jumuiya ya kazi. Mwaka 1998 Wenger alieleza katika kitabu kingine kwamba jumuiya hiyo hujengwa na mambo ya pamoja: kazi inayowajali wote, kufahamiana na kusaidiana, na hazina ya maneno, zana, hadithi na njia za kufanyia kazi ambayo wameikusanya kwa miaka.

MWANAGENZI ALIYEWEKWA ASIPOONA

Msomaji asidhani kwamba kila mahali penye wakubwa na wadogo mafunzo hupatikana. Katika kitabu kile cha 1991 imo habari ya wakata nyama wa Marekani, na habari hiyo yatufaa kama onyo. Vijana hao walikwenda kwanza shuleni, kisha wakaingizwa katika maduka makubwa ili wamalize mafunzo yao mbele ya mafundi. Lakini shule iliwafunza mambo ambayo duka halikuyahitaji. Walifunzwa kunoa visu, na dukani visu vilikuwa vikiletwa vimekwisha kunolewa.

Walipofika dukani mambo hayakuwa mema zaidi. Mwenye duka alitaka faida ya siku ile. Kwa hiyo kijana aliyejua kufunga nyama katika karatasi aliwekwa penye mashine ya kufungia, akaachwa hapo. Chumba cha mashine kilikuwa mahali ambapo hawezi kuwaona mafundi wakikata. Umbali wao ulikuwa hatua chache tu, lakini hatua hizo zilitosha kumnyima ujuzi.

Tunaomba kila mwanachama mwenye karakana, duka au ofisi aitafakari habari hiyo. Ni mara ngapi kijana wetu ameajiriwa katika ofisi akawekwa kupokea wageni mlangoni, na baada ya miaka mitatu hajaona hata mara moja jinsi barua ya madai inavyotungwa au jinsi hesabu za mwezi zinavyofungwa? Ni mara ngapi utingo ameosha gari mwaka mzima, na boneti ikifunguliwa hutumwa dukani akalete chai? Hatusemi kwamba kuosha gari ni kazi mbaya. Twasema kwamba kazi ndogo hufunza pale tu inapofanywa mahali ambapo kazi kubwa yaonekana.

MAFUNDI WA MASHINE NA MAZUNGUMZO YAO

Yamkini mtu atasema kwamba hayo yote ni ya tezo na cherehani, na kwamba siku hizi kazi ni za mashine ambazo huja na vitabu vya maelezo. Jibu la neno hilo lapatikana Marekani, katika kampuni ya Xerox, yenye kutengeneza mashine za kunakili karatasi.

Katika miaka ya 1980 mtaalamu aitwaye Julian Orr alifuatana na mafundi wa kampuni hiyo waliokwenda ofisi hadi ofisi kutengeneza mashine zilizoharibika. Kila fundi alikuwa na kitabu kilichosema: ukiona alama hii, fanya hivi, ukiona alama ile, badilisha kifaa kile. Kwa mawazo ya wakuu, kitabu kilitosha. Lakini mashine hazikukisoma kitabu. Moja ilikaa mahali penye vumbi, nyingine palipo na unyevunyevu, nyingine ilitumiwa na watu wasiojali, na kila moja ikawa na ugonjwa wake.

Orr aliona kwamba mafundi walikutana wakati wa kifungua kinywa na chakula cha mchana, wakasimuliana: mashine ile ya ofisi ile ilinipiga chenga hivi, nikajaribu hili likashindwa, nikajaribu lile likafaulu. Mtazamaji wa mbali angedhani wanapoteza saa za kazi. Kwa kweli hapo ndipo kazi ilipokuwa ikifunzwa. Hadithi ya mmoja iliokoa siku nzima ya mwingine. Mwaka 1996 Orr alitoa kitabu juu ya mazungumzo hayo.

Kampuni ilipoelewa, haikuyakataza mazungumzo. Katika miaka ya 1990 uliwekwa mpango ulioitwa Eureka, ulioanzia Ufaransa, ambao kwao fundi aliyegundua dawa ya ugonjwa wa mashine aliweza kuiandika ili ifike kwa mafundi wa nchi nyingine. Tutaje mambo mawili ya mpango huo. La kwanza, kila shauri lilipimwa na mafundi wenzake mwandishi kabla ya kuenezwa, wala halikupimwa na wakuu wasioshika bisibisi. La pili, ilipofikiriwa kwamba waandishi walipwe, mafundi hawakutaka fedha. Walitaka jina la mwandishi liandikwe pamoja na shauri lake. Heshima mbele ya wenzao waliiona kuwa malipo makubwa kuliko fedha.

Wazee wetu hawatashangaa kusikia hayo. Katika desturi zetu, mtu aliyejua kutengeneza mzinga au kuunganisha mifupa hakusifiwa kwa mali. Alisifiwa kwa kutajwa jina.

MLANGO UKIFUNGWA

Haingekuwa haki tukisifu tu. Jumuiya ya kazi yaweza kugeuka ikawa ngome. Katika Uingereza, wakati wa Malkia Elizabeth wa Kwanza, ilitungwa sheria mwaka 1563 iliyosema kwamba mtu asifanye kazi ya ufundi mpaka awe amekaa uanagenzini kwa miaka saba. Nia ya sheria ilikuwa kulinda ubora wa kazi na utulivu wa nchi. Lakini miaka ilivyopita, vyama vya mafundi vilitumia kanuni kama hizo kuwazuia watu wasiingie. Mtoto wa maskini alishindwa kulipa ada ya kuandikishwa. Mwanagenzi aliyekwisha kujua kazi alilazimika kuendelea kufanya kazi kwa faida ya bwana wake hadi miaka itimie. Mwaka 1776 mtaalamu wa uchumi aitwaye Adam Smith alizishambulia kanuni hizo katika kitabu chake mashuhuri. Katika Ufaransa vyama hivyo vilifutwa mwaka 1791, na katika Uingereza vifungu vya uanagenzi vya sheria ile ya 1563 viliondolewa mwaka 1814.

Ngome si lazima iwe ya sheria. Yaweza kuwa ya mazoea. Hata wachongaji wetu tuliowasifu wamelaumiwa kwa kuchonga twiga yule yule na kifaru yule yule mwaka nenda mwaka rudi, hata mnunuzi akiingia duka hili na duka lile haoni tofauti. Watu wakitazamana wenyewe kwa wenyewe tu, hufunzana ubora, na pia hufunzana makosa. Kwa hiyo jumuiya yahitaji mgeni mara kwa mara: kijana mwenye maswali, au fundi wa mahali pengine mwenye zana tofauti. Wahenga walinena, mgeni njoo, mwenyeji apone.

NENO LA WALIO NA SHAKA

Katika mazungumzo yetu na wanachama tumesikia mashaka ya namna mbili, nayo yote yastahili kujibiwa kwa heshima.

Shaka ya kwanza ni hii: "Nikimfunza kijana kazi yangu, kesho ataninyang'anya wateja." Hatutaki kuficha ukweli uliomo humo. Watu wengi wakiuza kitu kimoja mahali pamoja, bei hushuka, na mwenye familia huumia. Lakini tukumbuke upande wa pili. Mnunuzi atakaye meza hamsini za shule hamwendei seremala mmoja mwenye randa moja. Huenda palipo na maseremala kumi wanaoaminiana, ambao kazi ya mmoja haimtii mwingine aibu. Na fundi akizeeka bila mrithi, wateja wake hawabaki wakimngojea. Huenda kwa watu wengine, na jina lake husahauliwa kabla ya zana zake kushika kutu. Mwenye kumfunza kijana hujiwekea mtu wa kumshika mkono siku ambayo macho yake hayataona uzi kuingia tunduni.

Shaka ya pili ni ya wazee wanaosema kwamba fedha ya chama ni ya karo na mazishi, wala si ya mambo mapya. Twakubaliana nao. Hatuombi hata senti moja iondolewe katika mifuko hiyo. Habari zote tulizozisimulia zaonyesha kwamba jumuiya ya kazi haijengwi kwa fedha nyingi. Hujengwa kwa mahali, kwa muda, na kwa uaminifu. Mahali tunapo: ukumbi wetu hukaa umefungwa jioni nyingi za juma.

Wako pia wanaosema kwamba kijana asiye na cheti hatasaidiwa na mazungumzo ya wazee. Wakumbuke kwamba sheria ya Kenya ya mwaka 2014 juu ya mpango wa kitaifa wa sifa za elimu haikufungia elimu katika darasa peke yake. Ujuzi uliopatikana kazini nao waweza kupimwa na kutambuliwa. Lakini hakuna awezaye kupimwa katika ujuzi ambao hakuna aliyempa.

YANAYOPENDEKEZWA KWA MKUTANO MKUU

Kutokana na historia hii twaleta mapendekezo yafuatayo, ili wazee na wanachama wayajadili.

Kwanza, kila kazi yenye wanachama watano au zaidi iwe na jioni moja ya mwezi katika ukumbi wa chama. Maseremala wawe na yao, makarani na yao, madereva na yao. Jioni hiyo isiwe ya hotuba. Kila mtu alete kazi iliyomshinda au iliyomtatiza mwezi ule, aiweke mezani, na wengine waizungumze. Karani alete barua, fundi wa redio alete redio, mshonaji alete nguo iliyomkataa.

Pili, vijana wakaribishwe, wala wasikalishwe nyuma. Wawekwe mahali wanapoona mikono ya wakubwa, na wapewe kazi ndogo ya kweli. Wala wasiogope kuuliza, maana kuuliza si ujinga.

Tatu, pawe na daftari. Shauri lolote lililofaa liandikwe humo kwa maneno mafupi, pamoja na jina la aliyelitoa. Daftari hilo lipimwe na wenye kazi wenyewe. Mzee akifariki, tutakuwa na kurasa zake, na jina lake litaendelea kutajwa na watu wanaofanya kazi kwa njia aliyoionyesha.

Nne, Kamati isiwe mtawala wa mikutano hiyo. Sisi wa ofisini twajua kuandika kumbukumbu, lakini hatujui kunyosha ubao uliopinda. Kazi ya Kamati iwe kufungua mlango, kuwasha taa, na kuhakikisha kwamba mlango huo haufungwi kwa mtu kwa sababu ya kabila lake, dhehebu lake, au kwa kuwa ni mwanamke. Kila jumuiya imchague mtu mmoja wa kuwaita wenzake na kuwakumbusha siku, maana kikao kisicho na mwitaji hufa kimya kimya.

Tano, mara moja kwa mwaka kila jumuiya imwalike fundi wa kazi hiyo hiyo kutoka mtaa au mji mwingine, ili tusije tukawa wachongaji wa twiga mmoja.

Wazee watukufu na wanachama wenzetu, chama hiki kilianzishwa na watu waliofika mjini bila ya ndugu, wakaona kwamba aliye peke yake akiugua hana wa kumletea maji, na akifa hana wa kumzika. Wakaunganisha shilingi zao. Leo aliye peke yake katika kazi yake naye ana upungufu wa namna hiyo: akishindwa hana wa kumwuliza, na akijua hana wa kumwachia. Mfuko wa fedha tumekwisha kujifunza kuutunza. Mfuko wa ujuzi bado uko mikononi mwa watu mmoja mmoja, na mikono hiyo inazeeka. Twaomba Mkutano Mkuu uamue juu ya mapendekezo haya mwaka huu, kabla hatujaandika tena katika kurasa za misiba jina la fundi ambaye hakuna aliyekaa naye akaitazama kazi yake.